Msiba wa Ukutani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipate taabu ya kumtafuta, maana katika hadithi zangu nyingi mjinga huwa mtu mwingine na mimi ndiye ninayemcheka. Nimemcheka padri aliyepanda treni ya Richmond akitaka kwenda Penrith. Nimemcheka bwana harusi aliyesahau pete kwenye suruali aliyoipeleka kwa dobi. Nimejicheka na mimi mwenyewe, tena mara nyingi, kwa sababu dunia imenisomesha kwa makofi. Nilikuja Sydney kusomea uhasibu, ada ikanishinda. Nikaenda kuchuma machungwa Griffith, nikaanguka na ngazi yangu. Mke wangu akaondoka akaenda Perth na mtu mwenye meno mazuri. Sasa nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja ya Westmead, na wagonjwa wenyewe huniambia ninaongea sana. Mtu aliyepita huko ana njia mbili, anune au acheke. Mimi nilichagua kucheka, na kosa langu ni kudhani kila mtu anangoja tu achaguliwe njia hiyohiyo.

Jina langu Kitwana, Mzaramo wa Kisarawe. Kwetu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na asiyelijua jambo hili nitamweleza kwa kifupi. Mtani akifiwa, naingia msibani kwake bila kubisha hodi. Navaa kofia ya marehemu, naigiza alivyokuwa akitembea, nawauliza wafiwa kama wanalia kweli au wanasikia njaa. Hakuna anayeruhusiwa kuninunia. Anayemnunia mtani ndiye mwenye kosa, na faini anatoa yeye. Hiyo ndiyo sehemu ya mila niliyokuwa nikiwaeleza watu hapa Sydney, kila nilipopata wa kunisikiliza. Mila ina sehemu nyingine pia, lakini hiyo nilikuwa naipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Anésie ni Mrundi, aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi kule Ulyankulu, Tabora. Sisi wote tulimwita Mama Ange, kwa jina la binti yake. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Toongabbie, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na alikuwa na kicheko kidogo kama cha mtu anayepima chumvi. Dada yake mkubwa, Elvire, hakuja Australia. Alibaki Tanzania, akaolewa na Mnyamwezi wa Urambo, akazaa, akazeeka huko. Siku niliyolijua hilo nilifurahi mno. Nikapiga hesabu yangu ya kienyeji: Elvire ni mke wa Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Mdogo wake naye ni mtani wangu. Na kwa kuwa Warundi wa Toongabbie wanaitana ndugu wote, basi wote ni watani wangu, kanisa zima na kwaya yake.

Wao hawana mila hiyo na sisi. Lakini walicheka wakanikubali, wakaniita Mtani hata kabla ya kulijua jina langu. Mzee Libère, ambaye ndiye mkubwa wa jumuiya yao, mtu wa tai na maneno machache, alinitazama siku ya kwanza nikiruka-ruka kwenye ubatizo wa mjukuu wake, akasema kwa Kifaransa chake, bon, haya, Mungu ametupa na huyu.

Kisha Elvire akafa. Homa ya siku chache tu, na shemeji zake wakasema hawawezi kuuweka mwili. Anésie hakuwa na namna ya kufika. Tulikusanyika kwake siku ya mazishi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari juu ya meza, na kwenye simu shemeji mmoja wa Urambo alikuwa akitembea na kamera. Tuliona miguu ya watu, tukaona mti, tukaona anga, kisha tukaona kaburi. Lilikuwa bado linachimbwa. Wanaume walikuwa ndani yake, udongo mwekundu umewafika viwiko, na mmoja wao aliinua uso akatutazama, mkono juu ya mpini wa jembe. Hapo mtandao ukaganda. Yule mtu akabaki vilevile anatutazama, na sisi tukabaki tunamtazama, mpaka chai ikapoa. Mtandao uliporudi kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, na wanawake wa kule walikuwa wanaimba. Anésie hakuliona sanduku likishuka.

Mimi niliona kimya kimezidi. Nikawaambia watu kwamba wale wachimbaji ni watani wa familia, kwamba mwenye msiba hachimbi kaburi mwenyewe, watani ndio huchimba. "Ni sisi hao," nikasema, na nikajipiga kifua, kama vile malengelenge yalikuwa kwenye viganja vyangu.

Msiba wenyewe ulifanyika palepale kwenye fleti yake, ghorofa ya pili. Nadhani mnajua misiba ya huku. Jirani wa chini alituma ujumbe kwa adabu sana, akisema anasikitika kwa yaliyotupata, ila mtoto wake halali. Wanawake wakawa wanalia huku wameuma khanga. Watu walikuja na sare za kazini, wakakaa kidogo, wakaangalia saa, wakaondoka kwenda shifti. Wengine walileta chakula kwenye trei zenye majina yao chini ili zirudi. Anésie ndiye aliyekuwa akifungua mlango. Ndiye aliyekuwa akitafuta viti. Ndiye aliyekuwa akiwajibu wa kazini kwake waliouliza kama anaweza kuingia wikendi, maana mwenzake anaumwa.

Mimi nilikuja kila jioni. Niliwachekesha watu mpaka yule jirani akatuma ujumbe wa pili. Nilimwigiza Elvire, ambaye sikuwahi kumwona, jinsi alivyokuwa akigombana na muuza dagaa huku yuko kwenye simu na mdogo wake wa Ulaya, maana kwake Australia nayo ilikuwa Ulaya. Nilikula. Nilipoondoka nilibeba kikontena cha pilau kwa ajili ya mchana wa kesho yake. Vyombo niliviacha kwenye sinki, nikawaambia wanawake kwamba mtani haoshi vyombo, na wakacheka, wakaosha.

Wiki iliyofuata nilikutana na Anésie kwenye stesheni ya Toongabbie. Mimi nilikuwa nashuka, yeye alikuwa anangoja. Macho yake yalikuwa yamekauka kama ya mtu aliyekesha. Nilianza na utani wangu wa kawaida, akaninyamazisha kwa kiganja, taratibu, kama anavyowanyamazisha wale wazee wake.

"Sijakaa chini, Kitwana," akaniambia. "Jumamosi Mzee Libère anaondoa matanga, na mimi sijakaa chini."

Alinieleza huku treni yake ikija na kwenda. Kwao, kama kwetu, mwenye msiba huketishwa chini, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Wanawake humzunguka. Mmoja huanza, wengine hupokea, na yeye mwenyewe, akishaona wapo wa kumshika, ndipo huachia. Akishaachia ndipo huinuliwa. Sasa yeye tangu Elvire afe alikuwa wima. Hakuna aliyemketisha, na kila aliyekuja alikuja na saa mkononi. Hajadondosha hata chozi. Alihisi limemkaa hapa, akajigusa chini ya koo. Na Jumamosi wataondoa matanga ambayo hayajawahi kutandikwa.

Halafu akaniambia habari ya picha. Kabla ya Elvire kuugua, kazini kwake waliwapeleka wazee matembezi katika jumba moja la sanaa kule mjini. Yeye alikuwa akisukuma kiti cha bibi mmoja wa Kimalta. Bibi alipofika mbele ya picha fulani ya Yesu alifanya ishara ya msalaba, akapitiwa na usingizi. Anésie hakutaka kumwamsha, kwa hiyo akasimama pale akatazama. Ni picha ya zamani ya rangi ya mafuta, ya wanawake wanaomlilia Bwana kabla hajazikwa.

"Wamekaa chini," akasema, na nilisikia mshangao kwenye sauti yake. "Wazungu, lakini wamekaa chini."

Alitaka nimpeleke Alhamisi, siku yake ya mapumziko, kwa sababu siku ile ya wazee walikwenda kwa basi dogo na hakuijua njia. Na akaongeza neno moja ambalo nimelitafuna sana tangu hapo. Alisema, uje kama mtani. Mimi nilisikia: njoo na vichekesho vyako. Sikujiuliza mtu asiyeweza kulia anamtakia nini mchekeshaji.

Alhamisi nikanyoosha suruali kwa pasi. Tukapanda treni, mimi, yeye na Ange, ambaye anasoma chuo kikuu na ni miongoni mwa watoto wetu wale wanaosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Nilitania kuanzia Parramatta mpaka Town Hall. Tulipokatisha bustani, wale ndege weupe wenye midomo mirefu walikuwa wamezunguka pipa la taka, na nikasema tazameni, wafiwa wa hapa wameshaanza kula. Ange alicheka. Anésie alikuwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

Ndani ya jumba lile sakafu ni ya mbao inayong'aa, na viatu vya mtu vinamsengenya kila anapopiga hatua. Tulipita vyumba vya farasi na vyumba vya mabwana wenye ndevu mpaka tukafika.

Picha ni kubwa kama mlango wa godauni, na fremu yake ya dhahabu imechunika pembeni. Kibao kilisema karne ya kumi na tisa, pamoja na jina la mchoraji ambalo sikulishika. Yesu amelazwa chini, na mguu mmoja umetoka nje ya sanda. Wanawake wamemzunguka wamekaa ardhini, kweli kabisa, kama mama zetu. Mmoja amejifunika uso kwa nywele zake. Mmoja ameshika beseni na kitambaa, na ukimtazama unajua amesahau kwamba ameshika. Wa katikati ni mama mtu. Huyo halii. Anautazama ule mguu kwa macho makavu, kama mtu anayetaka kuuvalisha soksi usipate baridi. Na nyuma yao, kwenye kona ya kulia ambako mchoraji ameacha giza, yupo mwanamume mmoja mwenye kofia amesimama mdomoni mwa kaburi. Hafanyi kitu. Anangoja.

Katikati ya chumba kulikuwa na benchi zuri la kukalia. Anésie alilipita. Akatoa khanga kwenye mkoba, akaitandika sakafuni mbele ya picha, akavua viatu, akakaa, akanyoosha miguu. Ange alisita, akatazama huku na huku kama watoto wetu wanavyotazama mzazi anapoongea kwa sauti dukani, kisha naye akavua viatu akakaa kando ya mama yake. Mimi nilibaki nimesimama. Suruali ilikuwa imenyooshwa.

Mlinzi wa chumba alikuwa mama wa Kifiji, mnene, mwenye redio kiunoni. Alikuja, na nikajua sasa tunatolewa. Alimtazama Anésie. Aliitazama picha. Akamtazama tena Anésie, kisha akageuka akaenda kusimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Kundi la watalii lilipokuja aliwaonyesha kwa mkono chumba kingine. Niliyaona yote hayo. Mama wa Fiji, ambaye hakujua hata neno letu moja, alikuwa amejua kazi yake. Mimi niliyeitwa rasmi nilikuwa natafuta pa kuweka mikono.

Anésie akaanza kwa Kirundi, chini chini, katikati ya kuimba na kusema. Alimwita Elvire. Nilisikia jina, kisha maneno, kisha jina. Mgongo wake ukaanza kuyumba. Ange akamwekea kichwa begani, na sauti ya Anésie ikapasuka mara moja, ndogo, kama kikombe kinachopata ufa. Halafu akavuta pumzi ndefu, na chumba kizima kikanyamaza kuingoja.

Mimi na kimya hatujawahi kupatana. Tangu siku niliyorudi nyumbani nikakuta kabati la mke wangu liko wazi na halina kitu, kimya kwangu ni mtu mwenye maneno mengi mabaya. Na mlangoni wazee wawili wa Kizungu walikuwa wamesimama nyuma ya yule mlinzi, wananyoosha shingo. Masikio yakaniwaka moto. Nikajiambia, Kitwana, umeitwa kama mtani, fanya kazi yako. Nikainama, nikasema kwa ile sauti yangu ya msibani:

"Mama Ange, usihangaike na hao wanawake. Mtazame yule bwana wa kwenye kona. Huyo ndiye mtani. Hana habari na maiti, anasubiri pilau."

Ange ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akaziba mdomo, kikatokea kwingine. Kisha Anésie akainua macho akamtazama yule mtu wa kwenye kona, na ile pumzi aliyokuwa ameivuta ikatoka kwa kicheko. Alicheka, na si kile kicheko chake cha kupima chumvi. Alicheka mpaka akashika mbavu, na macho yake yalikuwa makavu kama ya yule mama wa ukutani. Kisha akanyamaza ghafla, kama bomba lililofungwa. Akakaa kidogo akiutazama ule mguu wa Bwana. Akajaribu tena kuanza, nilisikia jina la Elvire mara moja, halikuwa na kitu nyuma yake. Akainuka, akakunja khanga kona kwa kona, akasema twende.

Tulipompita mlangoni, mama wa Kifiji alinitazama kama mama yangu alivyonitazama siku nilipomwaga mafuta ya taa ya wiki nzima. Nikamtabasamia.

Kwenye treni Anésie alitazama dirishani njia nzima. Nilidhani amepumzika. Nilimpigia simu Mzee Libère nikiwa bado kwenye ngazi za stesheni, kumpa habari njema. Niliwaambia na wenzangu wa kazini, nikamwambia Theresia, nesi wa Kitanzania wa wodi ya juu, na kufikia Ijumaa Toongabbie nzima ilijua kwamba Mtani amemchekesha Mama Ange. Nilipongezwa. Nilipokea pongezi.

Siku hizi naenda pale peke yangu, nikipata siku ya mapumziko. Nakaa kwenye benchi, maana khanga sina na sina haki nayo. Mama wa Kifiji ananijua, ananiinamishia kichwa, haniulizi kitu. Nimewatazama wale wanawake mpaka nimewazoea kama majirani, lakini zaidi namtazama yule bwana wa kwenye kona. Nilimdhihaki bila kumwona. Alikuwa pale mbele ya macho yangu, ukubwa wa mtu mzima, na nilimwona kofia tu.

Jumamosi ile ya kuondoa matanga ikafika. Ukumbi ulikuwa ule ulio nyuma ya kanisa, meza zimejaa wali, maharagwe, ndizi na sambusa, makreti ya soda yamepangwa ukutani. Mzee Libère alivaa tai nyeusi. Mbele, juu ya stuli, palikuwa na beseni la maji na taulo jipya. Kwa ndugu zetu hawa, siku ya kuondoa matanga wafiwa hunawa mbele ya watu. Maji yakishamwagwa nje watu hunywa pamoja, na tangu hapo mfiwa hurudi katika maisha, anaweza kwenda harusini, anaweza kuvaa rangi. Baada ya hapo haruhusiwi tena kukaa chini. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha Anésie. Maji yale yakishamwagwa, Elvire atakuwa amekwisha kuliliwa, na yeye hakumlilia.

Mzee Libère aliongea vizuri juu ya marehemu, akaomba, akamwita Anésie. Alikuja. Akasimama mbele ya beseni, mikono nyuma. Mzee akangoja. Tukangoja sote.

"Mzee, siwezi," akasema. "Sijalia."

Mzee Libère alimsemesha kwa upole. Alisema machozi hayapimwi kwa kikombe, kwamba wapo wanaolia kwa ndani, kwamba watu wametoka mbali na wengine wana shifti. Kisha akamuuliza kama kuna aliyemzuia. Anésie hakunitazama. Huko kutonitazama ndiko kulikoniumbua, kwa sababu alitazama kila mahali isipokuwa nilipokuwa nimekaa, na watu wakaifuata ile nafasi aliyoiacha mpaka wakanifikia.

Ningebaki nimekaa. Badala yake nikainuka. Niliwaambia kwamba kwetu mfiwa akicheka, mikeka inakunjwa; kwamba Mama Ange alicheka Alhamisi, tena mbele ya shahidi, binti yake mwenyewe; kwamba kwa hiyo matanga yaliondoka siku ileile na haya maji ni ya kunawa kabla ya kula tu. Watu kadhaa walicheka. Mchekeshaji akisikia watu wachache wanacheka ni kama gari lililotiwa mafuta. Nikaenda mpaka kwenye beseni, nikayakoroga maji kwa kidole.

"Nawa, Mama Ange," nikasema. "Mtani ameamuru."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Nilikuwa nimefika, Kitwana. Nilikuwa mlangoni kabisa. Ukanishika nguo ukanirudisha."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilijitetea. Nilimkumbusha kwamba aliniita mwenyewe, tena kwa neno lake, uje kama mtani. Mtani kazi yake ni nini kama si utani? Au aliniita nimshikie mkoba? Nikasema na habari ya faini, kwamba anayemnunia mtani ndiye anayelipa, na kama hawaniamini wamuulize Mtanzania yeyote humu ndani. Theresia alikuwa humu ndani. Alitazama viatu vyake. Mzee Libère, maskini, alibaki katikati ya mila mbili kama mtu aliyeshika milango miwili inayosukumwa na upepo. Akasema, bon, kama hiyo ndiyo desturi ya upande wa shemeji zetu, pengine mama asamehe tu, anawe, tumalize. Alilisema bila nguvu. Na mimi, Mungu anisitiri, nilitabasamu.

Mpaka leo sijui kama Anésie alilia. Hakunawa siku ile, na haukupita muda mrefu akahamia Newcastle, kwenye nyumba nyingine ya wazee. Nikimuuliza Ange hunijibu kwa Kiingereza kifupi, kile cha kufunga mlango. Ningerudishiwa ile Alhamisi ningekaa sakafuni na suruali yangu iliyonyooshwa, ningefunga mdomo, ningewazuia wale wazee wawili mlangoni mpaka shughuli iishe. Na kabla ya hapo ningeosha vyombo. Mengi ya haya niliyajua tangu utotoni Kisarawe, niliwaona wajomba zangu wakirudi kutoka misiba ya Wanyamwezi wamechafuka, wamechoka, ndipo wanaanza kuchekesha watu. Nilibeba kicheko chao mpaka Australia, kazi yao nikaiacha huko.

Lakini Jumamosi ile, pale mbele ya beseni, nikiwa bado natabasamu, Anésie alinyoosha mkono kwa binti yake bila kugeuka, na Ange, aliyekuwa ameipiga picha ile ya ukutani siku ya Alhamisi, akampa simu. Anésie akaifungua. Akaitanua kwa vidole viwili, akaisogeza, akaitanua tena, mpaka wanawake wakatoka, Yesu akatoka, ikabaki ile kona ya giza. Akaisogeza simu mpaka usoni pangu. Watu wengine hakuwaonyesha.

Ilikuwa mikono ya yule mwanamume. Ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, mwekundu, uliokaukia kwenye nywele za mkono, na kwenye vifundo vya vidole ngozi ilikuwa imetoka. Nilikuwa nimeshaiona mikono ile. Niliiona mezani kwake, kando ya kopo la sukari, nikasema ni yangu.

"Ulisema kweli, huyu ndiye mtani," Anésie akasema. "Amechimba kwanza, ndiyo maana anangoja pilau na hakuna wa kumuuliza. Wewe, Kitwana, kaburi la dada yangu ulilichimba kwa mkono upi?"